Salha na Jini Asiyejua Kupanga

Zamani, dunia ilipokuwa bado haijachoka kushangaa, alikuwako sultani akiitwa Kamaruddini bin Dahiri, na makao yake yalikuwa mji wa Shungubara, mji wenye misikiti kumi na mmoja na hamamu tatu za kuogea na kadhi mmoja aliyetosha kuwasumbua watu wote, na nyumba za mji ule zilikuwa nyingi hata kunguru walikuwa wakipotea njia juu ya mapaa. Lakini katika nyumba zote hizo haikupatikana hata moja ya kumweka Salha binti Shaame, na habari yake ndiyo hii.

Salha alikuwa mshona magodoro ya usufi, mwanamke mtu mzima ambaye hakuwahi kuolewa, kwa kuwa ujana wake aliutumia kumtunza baba yake, Mzee Shaame, aliyepofuka macho yote mawili. Kwao ni Mwambakuu, mji wa pwani ya mbali, na Mwambakuu ilikutwa na msiba mkubwa, kwa maana bahari iliula mji ule nyumba baada ya nyumba, mwaka baada ya mwaka, hata maji yakaingia jikoni mwa Salha na kuuzima moto wa chai. Ndipo alipompandisha baba yake juu ya punda, akatwaa sindano zake na uzi wake, na wakaifuata njia ya bara siku ishirini na mbili mpaka wakafika Shungubara, na mzee alikuwa amekonda na kukohoa, na punda naye alikuwa hatamaniki.

Sasa Shungubara ilikuwa na sheria yake. Mgeni alipewa kitanda katika Nyumba ya Wasafiri, ambayo ilikuwa wakfu, akala na akalala humo siku arubaini, na siku ya arubaini ikimkuta hana mlango wake mwenyewe hutolewa kwa lango la mashariki, na nje ya lango la mashariki hakuna kitu ila mchanga na upepo. Salha aliisikia sheria ile akamtazama baba yake, na moyo ukamwambia wazi kwamba mzee huyu hawezi safari ya pili. Akasema siku arubaini ni nyingi. Hakujua bado.

Alimpata dalali, mtu mwenye ulimi mwororo akiitwa Mngwali, na Mngwali alikuwa na lugha yake ya kidalali ambayo mgeni huifahamu akiwa amekwisha umia. Alipoambiwa nyumba ina hewa safi, Salha alikwenda akakuta haina paa. Alipoambiwa ni tulivu, majirani sita walikuwa makaburini. Alipoambiwa ina maji karibu, maji yalikuwa sebuleni, na Salha, aliyekimbia maji kwao, alirudi bila kuaga. Na zile zilizokuwa nyumba kweli, zenye paa na zenye majirani walio hai, mwenye nyumba alimtazama Salha tangu kitambaa cha kichwa mpaka makubadhi, kisha akamuuliza swali moja tu, wewe ni wa nani.

Maana desturi ya mji ule ilikuwa kwamba hapangishwi mtu mpaka awe na mdhamini, na mdhamini lazima awe jirani. Salha akadhani amesikia vibaya, akamrudia dalali.

"Jirani nitampata wapi, na mimi sina nyumba?"

"Ukipata nyumba, bibi, jirani utampata."

"Na nyumba nitaipataje?"

"Ukipata jirani." Na Mngwali akatabasamu, kama mtu aliyeeleza jambo jepesi.

Salha alilifikiri neno lile njia nzima, akaligeuza upande huu na upande ule, na kila alipolishika kichwa likamponyoka mkia. Akaanza kujiona mjinga, yeye ambaye kwao watu walikuwa wakimjia kutaka shauri. Akawa akitembea mji ule kutwa akisema maneno matatu yale yale kwa kila mtu, nataka kupanga nyumba, nataka kupanga nyumba, mpaka baba yake akamwambia kuwa hata usingizini huyasema. Nayo siku ya kumi ikapita na ya ishirini na ya thelathini.

Siku ya thelathini na nane alibisha kwa Bi Mashavu, mwanamke mwenye nyumba mbili na mdomo mmoja, naye akamnyima kama wengine, lakini aliposikia kuwa mgeni ni mshona magodoro akamtolea godoro kuukuu la bibi yake marehemu, akamtaka alifumue na kulijaza upya. Kazi ni kazi. Kesho yake, jua likiwa kichwani na mji mzima umelala usingizi wa adhuhuri, Salha aliketi peke yake katika uwanja wa Nyumba ya Wasafiri, na baba yake amelala ndani, akafumua. Na katikati ya usufi akakuta fundo la kitambaa, na ndani ya fundo pete ya shaba. Salha hakuwa mwizi. Aliivaa kidoleni isije ikapotea mpaka atakapomrudishia mwenyewe, na kidole chake kilikuwa chembamba kwa shida, pete ikazunguka.

Papo hapo usufi ukapanda juu ukafanya mawingu, na katika mawingu akasimama jini mrefu, mwenye ndevu za samawati na macho ya mtu aliyeamshwa.

"Labeka, ewe binti Adamu. Mimi ni Barhamu, mtumwa wa pete hii, na miaka mia nne nimelaliwa na watu wazito. Kila aivaaye nimewekewa kumtimizia neno moja, si mawili. Nena."

Mwingine angeomba dhahabu, na mwingine angezimia. Salha alikuwa amechoka, na kinywani mwake hamkuwa na neno ila lile lile la siku thelathini na tisa, nalo likatoka lenyewe.

"Nataka kupanga nyumba."

Jini akakunja uso. "Kupanga nyumba? Nyumba ipi?"

"Yoyote. Kubwa, ndogo, zote kwangu ni sawa, ilimradi zipangike kabla ya kesho."

"Zote," akasema jini, na akamtazama kwa huruma kidogo, kama atazamwavyo mgonjwa. Kisha akainama kwa adabu. "Nimesikia na nimetii."

Basi ikasikika sauti kama mtama unaopepetwa katika ungo, na vumbi likafunika jua, na lilipotua Salha alijiona amesimama mahali peupe, na godoro lililofumuliwa liko miguuni pake, na Nyumba ya Wasafiri haipo. Haukuwapo mtaa wala kichochoro. Misikiti kumi na mmoja tu ilibaki mahali pake, kwa kuwa jini hakuthubutu kuzigusa nyumba za Mungu, na kutoka hapo mpaka upeo wa macho, ikipinda kuzunguka kilima, ilikuwapo safu moja ndefu ya nyumba, iliyopangika sawasawa hata fundi wa ushanga angeionea wivu.

Barhamu akarudi akijipangusa mikono, na ilikuwa dhahiri kwamba amefurahi. Alieleza kuwa ameanza na banda la kuku na kumaliza na kasri la sultani, ndogo mbele na kubwa nyuma, na zilizolingana kimo amezitenga kwa rangi ya milango. Salha akamwambia kwamba kupanga nyumba ni kukaa katika nyumba ya mtu mwingine kwa kodi.

"Kwa kodi?" Jini alishangaa kwa kweli. "Zama zangu mgeni alikaa siku mbili na ya tatu akapewa jembe, na akishalima alikuwa mwenyeji. Na kupanga kulikuwa kupanga. Neno hili limeharibika lini?"

Salha akamsihi arudishe, na jini akakataa kwa masikitiko, akisema neno lake moja limekwisha, na hawezi kumtumikia tena mpaka pete ivaliwe na mwingine. Akaingia katika pete. Na hapo ndipo Salha alipokumbuka kwamba baba yake alikuwa ndani ya nyumba iliyoondoka, na akili yake ikasimama. Alikuwa amekuja ugenini kumtafutia mzee yule ukuta wa kuegemea, na sasa amempoteza kwa mkono wake mwenyewe. Akauzoa mfuko wa godoro bila kujua kwa nini anauzoa, akakimbia.

Mkanganyiko aliouona huko hausimuliki wote. Watu walikuwa wameamka kutoka usingizini, na aliyefungua mlango kwenda kwa kinyozi alikuta mkwewe, na aliyemkimbia mkwewe miaka sita alikuta dirisha lake. Mke mmoja alikuwa ameketi njiani akilia, kwa kuwa alikwenda kuteka maji kwa muda mfupi na mtoto wake mchanga kamwacha ndani, na ndani sasa hapajulikani ni wapi. Watu waliulizana mtaa gani huu, na hapakuwa na mtaa. Walitajiana majina ya vichochoro kama watu wanaotaja marehemu. Salha alibisha kila mlango akiuliza habari za mzee kipofu, na kwa kuwa watu walikuwa na hofu, walimjibu kwa swali wanalolijua, wewe ni wa nani.

Mbele kidogo alimkuta mtu mzima mnene ameketi kwenye baraza ya watu, kifua wazi, amevaa kikoi kilicholowa, na nyayo zimemchubuka. Mtu yule alisema alikuwa hamamuni, na hamamu ikaruka naye, na alipotoka amebisha milango kumi na saba kuuliza njia ya kwake na hakuna aliyemfungulia.

"Unawaambiaje?" akauliza Salha.

"Nawaambia mimi ni sultani."

"Na wao?"

"Mmoja aliniambia yeye ni Malkia Bilkisi, nije Ijumaa."

Salha hakuamini wala hakukataa, maana siku ile lolote lilikuwa sawa na lolote. Alimwona tu mtu mzima anayetetemeka. Akamfunika mabegani kwa ule mfuko wa godoro, akamwambia, "Mzee, mimi nimebisha milango ya mji huu siku thelathini na tisa. Usiwaambie wewe ni nani, hawana haja. Waambie unamtafuta nani." Na mtu yule, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kufundishwa na mshona magodoro, akasimama akamfuata.

Wakaenda mlango kwa mlango mpaka wakafika nyumba ya kimo cha kati yenye mlango wa kijani, na nje kuna masufuria yaliyotiwa bati yaking'aa. Hapo aliishi Khelefu, fundi wa kutia bati, mjane aliyefiwa na mkewe miaka miwili nyuma, mtu wa maneno machache. Alifungua mlango nusu. Salha akauliza, na Khelefu akasema mzee yuko, aingie. Kisha akamtazama yule wa kikoi na mfuko wa godoro.

"Na huyu je? Nani anamfahamu?"

Salha alitaka kusema hamjui. Lakini aliziona nyayo zile zilizochubuka, na alijua uzito wa mlango ukifungwa. "Mimi namfahamu," akasema. "Ni jirani yangu." Na Khelefu akaufungua mlango wote.

Ndani Mzee Shaame alikuwa ameketi juu ya jamvi na bakuli la uji wa mchele mkononi. Nyumba ya Wasafiri ilikuwa imesimama ubavuni mwa nyumba ya Khelefu, na mzee alipoamka alipapasa ukuta akitafuta mlango kama alivyozoea, akatoka kwa mlango usiokuwa ule, mpaka akafika uani kwa mtu. Khelefu hakumuuliza ni wa nani. Alimwona kipofu akampa uji. Salha alianguka magotini akamshika baba yake miguu, akalia kilio ambacho alikiweka tangu Mwambakuu, na mzee akawa akimpapasa kichwa na kumuuliza mbona mji huu kuta zake zinahama, au ni yeye uzee umemzidi.

Ilikuwa hawajatulia, vikasikika vishindo mlangoni, na wakaingia askari na kadhi mbele yao, na wote walipomwona yule wa mfuko wa godoro wakaanguka chini wakibusu jamvi, "Maulana, Seyyidi wetu." Na Salha akajua kwamba ni kweli.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemshuku, na baba yake alikuwa ameshiba, na katika mji usio na mitaa nani angemtoa kwa lango la mashariki, wakati hata lango halikujulikana ni la upande gani? Lakini alimkumbuka yule mke anayelia njiani. Akaivua pete akaiweka mbele ya sultani, akasimulia yote, tangu dalali mpaka godoro, na alipofika kwenye neno kupanga, askari mmoja alicheka akakohoa. Kadhi hakucheka. Akasema mwanamke huyu afungwe, na Maulana aivae pete na kutamka neno la kuuponya mji, na neno lenyewe yeye kadhi keshalipata, nalo ni hili, rudisha kila mtu kwake.

Sultani akaivaa, na Barhamu akasimama mbele yao, kichwa kimegota kwenye dari. Akasema labeka, akangoja.

Salha akasema polepole. "Maulana, nisamehe. Huyu hulishika neno kama lilivyo. Ukimwambia kila mtu kwake, wenyeji watarudi kwao. Mimi na baba yangu kwetu ni Mwambakuu, na Mwambakuu sasa ni maji."

Kadhi akajibu kwamba sheria haikosei kwa sababu ya jini, mwanamke hana nyumba mjini wala jirani, na kesho ni siku yake ya arubaini, basi aende kwao, kama ni nchi kavu au ni maji Mungu ndiye ajuaye.

Sultani Kamaruddini alizitazama nyayo zake kitambo. Kisha akasema, "Kadhi, leo nimebisha milango kumi na saba katika mji wangu mwenyewe, nikaulizwa ni nani anayenifahamu. Nikaingia katika mlango huu kwa kuwa mwanamke huyu alinidhamini, akasema mimi ni jirani yake. Nijibu. Mtu asiye wa mtaa wowote aweza kudhamini?"

"Hawezi, Maulana. Dhamana yake ni batili."

"Ikiwa dhamana yake ni batili, basi mimi niko nje bado, na unaongea na mtu wa njiani. Na ikiwa ni sahihi, yeye ni mtu wa mji huu. Chagua."

Kadhi akakuna ndevu, na kwa mara ya kwanza watu wa Shungubara walimwona amechanganyikiwa kama wao. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo kwamba dhamana ni sahihi.

Hapo jini, ambaye naye alikuwa akifuata mazungumzo kwa shida, akamwinamia Salha na kumuuliza, kwa kuwa lazima ajue kabla hajaamriwa, "Kwako wapi?" Na Salha akataka kujibu na hakuweza. Watu wote wa mji ule walimuuliza ni wa nani, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwake ni wapi. Aliyaona maji jikoni kwao, akaziona nyumba za Mngwali zisizo na paa.

Khelefu, mtu wa maneno machache, akasema, "Chumba cha uani ni kitupu. Wakisema ni hapa, nami nasema ni hapa."

"Ni hapa," akasema Mzee Shaame, na bakuli bado liko mkononi. "Mwanangu, sema."

"Ni hapa," akasema Salha.

Ndipo sultani alipotamka neno, rudisha kila nyumba mahali pake na kila mtu kwake, na sauti ya ungo ikasikika tena, na Salha akafumba macho, akashika mkono wa baba yake akangoja baridi ya bahari, kwa maana hakumwamini jini yule hata kidogo. Alingoja mpaka akachoka. Na alipofumbua macho aliona jamvi kavu, na kichochoro nje ya mlango, na mwanamke anayepita mbio na mtoto kifuani, anacheka na kulia pamoja. Nyumba zote zilirudi mahali pake, isipokuwa banda moja la kuku ambalo jini alilisahau juu ya paa la kadhi, na lipo huko mpaka leo.

Pete alirudishiwa Bi Mashavu, naye alipoisikia habari yake aliogopa, akamwamuru Salha aishone tena ndani ya godoro kwa uzi wa mara tatu. Sultani akaiondoa sheria ya siku arubaini, na akapiga marufuku mtu kuulizwa jirani kabla ya nyumba, na Salha akawa mshonaji wa magodoro yote ya kasri, na riziki ikamjia kutoka kila upande. Mwaka ulipotimia Khelefu akatuma watu kumposa, na harusi ikafanywa siku saba, na Maulana alihudhuria amevaa viatu. Nao wakaishi kwa raha, na kama hawakufa basi wanagombana hata sasa nani aondoe masufuria njiani.

Na wanaojua husema kwamba mgeni hana haja ya kufahamiwa ili afunguliwe, hufunguliwa ndipo akafahamika. Lakini Salha, ukimuuliza ni siku gani alijua kuwa amepata nyumba, hataji siku ya jini wala siku ya harusi. Husema ni asubuhi ya Jumanne moja, wiki tatu baada ya siku ile ya jini, ambapo aliamka hakumkuta baba yake kitandani, akatoka mbio amejaa hofu, akamwona kwa mbali anatoka msikitini peke yake, akipapasa ukuta kwa fimbo, akahesabu milango mitatu, akakata kona, akaja akaingia ndani bila kumuuliza mtu.